Saa ya Kwanza ya Asubuhi

Hii ni kwa wasikilizaji mlio juu Usangi na Ugweno, mlio chini Lembeni na Kifaru mpaka bwawani Nyumba ya Mungu, na ndugu zetu wa Same kule Hedaru, Suji na Gonja.

Leo naanza na swali, kila mtu alijibu kimoyomoyo. Ukiamka asubuhi, vidole vyako vinachukua muda gani kukubali kukunja ngumi? Siulizi kama vinauma, nauliza kukunja tu. Kuna atakayesema dakika tano, akishanawa uso vimelegea. Huyo anywe chai yake kwa amani. Kuna mwingine atasema: mpaka watoto wameshafika shule, mpaka jua limepanda juu ya mgomba, ndipo ninaweza kufunga vishikizo vya blauzi. Nazungumza na huyo wa pili, na wale anaoishi nao nyumba moja, kwa sababu saa hiyo ya kwanza ya siku inasema mengi kuhusu ugonjwa alio nao kuliko maumivu yenyewe.

Sisi wa milima ya Upare tunaijua ndiva, bwawa dogo la kumwagilia. Jioni mlango wake unazibwa, maji ya mfereji yanajikusanya usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu anazibua yanakwenda shambani. Kiungo chenye baridi yabisi, ule ugonjwa ambao madaktari wanauita rumatoidi athritisi, kinajaa kwa mtindo huo huo. Umelala, hakuna kinachosogea, majimaji ya uvimbe yanajikusanya ndani, na zile kemikali za mwili zinazochochea uvimbe zinapanda alfajiri. Unaamka mkono umejaa, pete haitoki. Ukianza kuusogeza pole pole, ndipo unapolegea. Ukakamavu wa namna hiyo ukipita nusu saa, mara nyingi ukafika saa nzima au zaidi, na ukiendelea wiki sita, usiuite tena uchovu wa kulima.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaugeukia utando laini uliomo ndani ya kiungo na kuushambulia. Utando unavimba, unanenepa, kisha unaanza kula gegedu na mwisho mfupa wenyewe. Duniani unawapata watu wasiofika hata mmoja katika kila 100, na wanawake wanaupata mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume. Wala si ugonjwa wa vikongwe. Wengi unawaanza kati ya miaka 30 na 60, umri ambao mama ana watoto shuleni, ana migomba, ana kahawa kidogo, ana mbuzi wawili wa maziwa na kikundi cha vikoba kila wiki.

Unapenda mikono na nyayo. Tazama vifundo vya vidole pale vinapoungana na kiganja, na vile vya katikati. Tazama kifundo cha mkono na ule upande wa mbele wa wayo. Vile vifundo vya mwisho karibu na kucha kwa kawaida huviacha. Na hupiga pande zote mbili, kulia na kushoto, kana kwamba umepimwa. Mimi huwa naangalia salamu baada ya ibada. Mama aliyezoea kukubana mkono kwa nguvu, sasa anakunyooshea ncha za vidole tu, au anakupa kigasha ukishike. Hajaanza maringo. Ukimbana pale penye vifundo anaona nyota.

Tutofautishe kidogo, maana si kila kinachouma kwenye kiungo ni hiki. Goti la mzee aliyebeba mizigo miteremkoni miaka 40 huuma zaidi jioni baada ya kazi, na asubuhi hukaza dakika chache tu. Huko ni kulika kwa gegedu, matunzo yake ni mengine. Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku mpaka shuka linakuwa zito, hasa kwa mwanamume, hiyo mara nyingi ni jongo. Na kiungo kimoja kilichovimba kwa homa kali ni dharura, usisubiri hata kesho.

Sasa huku kwetu mkosaji anajulikana kabla ya kesi kusikilizwa: baridi. Juni na Julai ukungu umelalia mlima Kindoroko, maji ya bomba yanauma kama kisu, mama amefua nguo kwenye baridi, viungo vimevimba, basi, amepigwa na baridi. Ningekubali, lakini shukeni na mimi bondeni. Kule bwawani na Kisangara kwenye mkonge, ambako mchana unatafuta kivuli hata cha mgunga, wagonjwa wapo. Dar es Salaam wapo, Zanzibar wapo. Baridi inaongeza kukaza na kuuma, hilo ni kweli, na maji ya moto yanasaidia kulegeza. Ila haiwashi moto huo. Wanaoufahamu ugonjwa huu wanataja urithi wa ukoo, wanataja sigara kwa uzito mkubwa, na mambo mengine ya mwilini. Ubaya wa kuisingizia baridi ni kwamba mtu ananunua sweta na kungoja Septemba, na Septemba ikifika kweli anapata nafuu kidogo, maana ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka. Anadhani amepona. Mwaka wa pili vidole vimeanza kulalia upande wa kidole cha mwisho.

Na miaka hiyo miwili ya mwanzo ndiyo yenye thamani. Kwa wengi, mfupa huanza kulika ndani ya muda huo, na mfupa uliolika haurudi. Dawa ikianza katika miezi michache ya kwanza, mkono unaweza kubaki mkono.

Lakini miezi hiyo tunaitumia wapi? Kwanza duka la dawa: diklofenaki, ibuprofeni, vidonge viwili viwili, na ile jeli ya kuchua. Zinapunguza maumivu, sizitukani, daktari naye huziandika. Ila uvimbe wa ndani unaendelea kula mfupa wakati wewe umetulia, na ukizimeza miezi kwa miezi bila kuangaliwa unatafuta vidonda vya tumbo, matatizo ya figo na presha. Pili, chale na chuku. Tatu, tangawizi. Hapo najua nimegusa watu wa Mamba, tangawizi ya Same ni mali na chai yake naipenda. Kunywa, haikudhuru. Usiipe tu kazi ya kuzuia mfupa usilike, haiiwezi.

Nne ndiyo inayonitisha: unga wa gulioni. Muuzaji ana kipaza sauti, ana kopo lisilo na lebo, anasema mizizi ya porini mitupu. Unakunywa siku tatu, unaamka unatembea kama msichana. Dawa ya ajabu! Kabla hujamshangilia, sikia habari hii. Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma mwanamke kijana, aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani kwa ugonjwa huu, sindano ya kitu kipya kilichokuja kuitwa kotizoni. Baada ya siku chache mwanamke huyo alisimama akatembea. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Wagonjwa walipoendelea kutumia dawa hiyo kwa dozi kubwa, hesabu ikaja: uso kuvimba kama mwezi, sukari kupanda, mifupa kuwa dhaifu, ngozi kuchanika, vijidudu kuingia kirahisi. Dawa za ukoo huo, kama prednisoloni, bado zinatumika, na zinatumika vizuri: dozi ndogo, muda mfupi, daktari akijua. Katika nchi nyingi, maabara zimekamata dawa za "asili" za viungo ambazo ndani zimesagiwa hizo hizo. Kwa hiyo unga ukikuponya kwa siku tatu, na baada ya miezi mashavu yamejaa, usiseme umenenepa kwa furaha. Na ukishautumia muda mrefu usiuache kwa siku moja, mwili unaweza kuzirai. Nenda hospitali nao.

Dawa inayozuia ugonjwa wenyewe ipo, na si ya matajiri tu. Ambayo wengi huanza nayo inaitwa methotreksati. Ni kidonge kidogo, kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na Marekani waliiidhinisha kwa ugonjwa huu tangu 1988. Kikaratasi chake kitakwambia ni dawa ya saratani, na hapo wengi hukitupa. Ni kweli, kwa dozi kubwa inatibu saratani. Kwa dozi ndogo inatuliza kinga iliyopotea njia. Inamezwa mara 1 kwa wiki. Narudia kwa sababu kosa hili limeua watu katika nchi nyingi: mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagua siku usiyoweza kuisahau. Mlutheri wa Usangi achague Jumapili, Msabato wa Suji Jumamosi, Mwislamu wa Ugweno Ijumaa, na asiyesali ashike siku ya gulio. Utaongezewa foliki asidi, zile zile za wajawazito, kupunguza madhara ya vidonda vya mdomoni na kichefuchefu. Ini na damu vitapimwa mara kwa mara. Anayetaka mtoto aseme mapema, maana dawa hii inaharibu mimba na mtoto aliye tumboni, na kuna nyingine za kubadilishia. Na pombe ya dengelua, baba, iache. Ini moja haliwezi kubeba vyote viwili.

Haifanyi kazi wiki ya kwanza. Inahitaji wiki 6 mpaka 12. Huu ni mtihani kwa mtu aliyeonja unga wa siku tatu, na ndipo wengi wanapoangukia. Zipo pia sulfasalazini na haidroksiklorokwini, peke yake au kwa kuchanganywa, na hii ya mwisho inataka macho yapimwe.

Tuseme umeamua kwenda. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapandishwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kama kilomita 50 kutoka Mwanga mjini. Madaktari waliobobea kwenye ugonjwa huu nchini ni wachache mno, kwa hiyo utakayemkuta mara nyingi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na foleni yake ni ndefu. Atakuwa na dakika chache. Watani zetu Wachaga wanasema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi. Wacheke. Mimi natamani tungeufuatilia ugonjwa huu kwa moyo ule ule wa mahakamani, na kwa ushahidi ule ule. Chukua daftari la mtoto, wiki mbili kabla ya safari, kila asubuhi andika: nimeamka saa ngapi, vidole vimekunja ngumi saa ngapi, vifundo gani vimevimba. Kama una simu, piga picha mikono asubuhi, maana ukifika Moshi saa sita mchana uvimbe umeshatulia na daktari anaona mkono mzima. Beba kila ulichomeza, na kopo la gulioni pia, bila aibu.

Watapima damu. Kuna kipimo kinachoitwa rumatoidi fakta na kingine kipya zaidi, anti-CCP, na vya kuonyesha ukubwa wa uvimbe. Uelewe jambo moja: kipimo kikitoka hasi, si lazima kuwa huna ugonjwa, na kikitoka chanya, magonjwa mengine nayo huweza kukiamsha. Ndiyo maana daftari lako lina uzito. Ninafurahi pia kwamba suala hili limeanza kuangaliwa mkoani kwetu. Watafiti wa KCMC pamoja na Chuo Kikuu cha Glasgow wamepita kaya kwa kaya wilayani Hai wakiuliza kuhusu maumivu ya viungo na yanavyoigharimu familia. Kwa miaka mingi mtu wa kijijini mwenye vidole vilivyopinda hakuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Nije kwenye kusogea, maana barua nyingi zinauliza hili: nipumzike au nifanye kazi? Jibu linategemea siku. Siku kiungo kimewaka, chekundu, cha moto, kipumzishe, lakini mara moja au mbili kwa siku kipitishe taratibu njia yake yote, kukunja na kukunjua, bila kulazimisha. Siku zilizobaki, sogea. Kiungo kinacholazwa miezi kinakaza, misuli inayokishika inasinyaa, na hapo mtu anapoteza mkono kwa kuulinda.

Waingereza waliupima mpango wa mazoezi ya mikono kwa wagonjwa 490 katika vituo 17 vya matibabu, majibu yakatoka mwaka 2015. Wote waliendelea na dawa zao. Waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na ya nguvu, wakayafanya nyumbani, mwaka mmoja baadaye mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya wale waliopewa ushauri wa kawaida, na maumivu hayakuongezeka. Hakukuwa na mashine.

Unaweza kuanza kesho hapo jikoni. Mwambie anayewahi kuwasha moto akuwekee maji ya vuguvugu kwenye beseni, si ya kuunguza. Zamisha mikono mpaka juu ya kifundo cha mkono, dakika kama kumi. Ikiwa humo humo, kunja vidole kifundo kwa kifundo mpaka vifike pale vinapofika, kisha vitandaze. Gusa ncha ya kila kidole kwa kidole gumba. Zungusha kifundo cha mkono. Toa mikono, weka kiganja mezani, na utembeze kila kidole kuelekea upande wa kidole gumba, kimoja kimoja. Hili la kutembeza linapinga kule kulalia upande nilikokutaja. Inua mikono ushike kisogo, kisha ishushe ushike kiuno kwa nyuma, kama unayefunga mbeleko. Kwa nguvu, kunja soksi nzito iwe donge uiminye, au kanda unga wa ngano. Anza mara chache, ongeza wiki kwa wiki. Kipimo ni hiki: ukimaliza, maumivu yakizidi na yakakaa zaidi ya saa mbili, kesho punguza. Mazoezi si ya kuacha, ni ya kupunguza. Hospitalini ulizia fiziotherapia. Pale KCMC wanafundisha pia wataalamu wa kutengeneza vifaa vya viungo, na banzi jepesi la kushikilia kifundo cha mkono usiku linaweza kupunguza shida ya asubuhi.

Na kazi za nyumbani? Hapa naomba wanaume waongeze sauti ya redio. Dumu la lita 20 kwa mkono mmoja kwenye njia ya mteremko, vidole vinne vikiwa vimening'inia kwenye mpini mwembamba, ndiyo adhabu mbaya kuliko zote kwa vifundo hivi. Nunua madumu ya lita 5 au 10, au tumia toroli pale njia inaporuhusu. Mfuko uning'inize kwenye kigasha, si kwenye vidole. Sufuria iinuliwe kwa viganja viwili. Mpini wa mwiko, kisu na jembe uviringishie mpira wa ndani wa baiskeli, mafundi wanayo mabaki bure, uwe mnene, kwa sababu mkono mgonjwa unashika kitu kinene bila kujibana. Nguo usizikamue kwa kusokota. Zikandamize kwenye ukingo wa beseni, au zianike zikichuruzika, jua la Mwanga litamaliza. Kahawa ichumwe kwa zamu fupi, mkono huu na ule, na kukaa kila baada ya muda.

Tusione haya kuongelea choo. Cha shimo, cha kuchuchumaa, kwa mtu mwenye magoti na nyayo zilizovimba saa kumi na moja alfajiri, ni mateso, na wapo wanaoacha kunywa maji ili wasiende. Fundi seremala akate kigoda imara, atoboe katikati, aweke na mti wa kushikilia ukutani. Kazi ya siku moja.

Halafu kuna ratiba. Nyumba nyingi zimepanga kazi zote ngumu kwenye saa ile ile ambayo mgonjwa hana mikono: kuni, maji, kukamua, uji wa watoto, kufagia uwanja. Zihamishieni mbele. Mbuzi anaweza kukamuliwa na kijana. Mkamwana akisema, "Mama, leo moto niachie mimi, wewe utachambua mboga saa nne," hajamvua mkwe wake heshima. Na mume, kama shingo yako ni nzima, dumu halimdhalilishi mtu. Atakayewacheka kisimani mwulizeni mke wake hali ya mikono.